Ng'ombe Asiyerusha Mguu

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi Mungu alinipa yote aliyomnyima yeye. Ndiyo sababu kisa hiki, ambacho ni chake, nakisimulia mimi. Atakayeona namsema vibaya marehemu na anivumilie. Nilimpenda na alinichosha, yote mawili, na sijawahi kuona ajabu katika hilo.

Alikuwa na bucha hapa Msambweni. Kibanda cha mabati, meza, kigogo cha kukatia nyama, kulabu, na pazia la kuzuia nzi ambalo halikuzuia nzi hata mmoja. Alikipata kwa mzee wa Kiarabu aliyehamia Mombasa bendera ya Mwingereza ilipokuwa karibu kushushwa. Zama zile kila baraza lilikuwa na maneno hayo hayo: sasa ni zamu yetu, tushike biashara wenyewe. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kisha mtu yule yule akitoka barazani akitaka sukari yake, alilipita duka la mwenzake akaingia kwa mgeni. Ukimwuliza, hukwambia, "Huyu wa kwetu namjua." Ebo! Kwani kujulikana ni ugonjwa?

Jambo hilo lilimkaa mume wangu moyoni. Siku aliyofungua kibanda aliniambia, "Nikianguka mimi, haitasemwa fulani ameanguka. Itasemwa watu wetu hawawezi." Basi akawa mwangalifu kupita kiasi. Alifagia kibanda kila saa, akasugua mizani kwa ndimu na majivu, na mtu akipata mfupa mwingi alimwongezea kipande cha mnofu bila kuombwa. Mimi nilimwambia, "Ongeza, ongeza, mwisho utaongeza na mkono wako." Alicheka tu. Lakini polepole watu wakaanza kuja. Mwanzo walichungulia kutoka barabarani, kisha wakaingia, kisha wakaanza hata kulalamika kwamba nyama imekwisha mapema, na mteja akishalalamika jua ni wako.

Mwaka uliofuata uhuru, mzee mmoja mwenye minazi mingi akatuagiza nyama ya karamu ya harusi ya binti yake. Fahali mzima. Mzee yule alikuwa mtu mkubwa mtaani, alikuwa ameanza kuwaambia wenzake msikitini, "Nunueni kwa kijana wetu, nyama yake safi." Harusi ile ndiyo ingetufanya bucha ya watu, au ingetuvunja. Mimi nilikwisha kuona rangi ya kanga nitakazonunua.

Ng'ombe wetu walitoka bara, upande wa Samburu ile ya huku kwetu, nyuma ya Kinango, kwa wafugaji wa Kiduruma. Alikuwapo mchungaji mmoja aliyemletea mume wangu siku zote, mtu mrefu mwenye sauti nene. Hakuwa Mwislamu, lakini hakupata kutuletea mnyama mgonjwa akasema ni mzima. Aliwaswaga kwa miguu, wakapita Kinango, wakavuka vilima vya Kwale, wakashuka mpaka kwetu. Wakifika walipumzishwa, wakanyweshwa, wakala majani, ndipo wachinjwe. Safari ile mvua iliharibu njia, mchungaji akachelewa, akaingia na fahali wa harusi alfajiri ya siku yenyewe ya karamu. Fahali mate yanamtoka na magoti yanatetemeka. Nafasi ya kumpumzisha haikuwapo. Kule harusini wapishi walikuwa wameshawasha moto.

Walimchinjia uani nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa kawaida. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga, kwa hivyo ninayoyasema hapa ni aliyonambia yeye. Alikwenda kunoa kisu. Aliporudi alimkuta fahali amejilaza mwenyewe, kichwa chini, jicho limetulia. Mchungaji akapiga kelele, "Wahi, wahi!" Mume wangu akaruka, wakamgeuza kibla, akasema bismillahi, akakata.

Asiyejua na ajue: mnyama tunayemla sisi, lazima kisu kimkute hai. Akifa kabla ya kisu, huyo ni kibudu, na kibudu si chakula chetu, hata kiwe kinono vipi. Dalili za uhai kila mchinjaji anazijua. Damu huruka, na mguu hupiga teke, hata kwa mnyama mchovu.

Wakachuna, wakakata. Nyama ya harusi ikaondoka kwa mkokoteni, iliyobaki ikatundikwa kibandani, na majirani wa mapema wakachukua zao. Kisha mume wangu akaingia ndani kunywa chai. Nilimwekea kikombe na mahamri. Hakugusa. Akakaa anatazama mikono yake.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Yule ng'ombe hakurusha mguu."

"Ati?"

"Damu ilitoka, lakini ilitoka taratibu, haikuruka. Na mguu haukwenda popote."

"Labda hukutazama."

"Nilitazama."

Nilielewa anachosema. Lakini mimi sikuzaliwa kunyamaza. "Ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Basi Mungu amesikia. Kunywa chai."

"Bismillahi haimfufui aliyekufa," akasema.

Mchungaji alikuwa amechutama mlangoni na kikombe chake. Akataka kutusaidia, maskini. "Mimi naona alikuwa hai," akasema. "Kidogo."

"Kidogo!" nikamrukia. "Hai kidogo ndiyo hai gani? Wewe uko hai kidogo?"

Akainamia chai yake. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia basi nenda kamwulize mwalimu wa chuo cha Kurani, naye ataamua. Akatikisa kichwa. "Nikimwuliza mwalimu, ataniuliza mimi niliona nini. Na nilichoona nakijua." Akasimama akavaa kofia yake. Anakwenda kwa mzee wa harusi.

Nilisimama mlangoni nikaweka mkono. Nilimwambia yote. Nilimwambia hakuna ajuaye ila sisi watatu. Nilimwambia wageni hawana dhambi kwa wasilolijua. Nikamwambia bucha ile itakufa leo hii kabla ya adhuhuri, na watu waliokuwa wakingoja tuanguke watapata la kucheka mpaka kiama. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akainama akapita chini ya mkono wangu, akaenda zake. Wallahi, alinipita kama kuku. Nikavaa buibui langu nikamfuata mbio.

Kwa mzee kulikuwa kumeshapambwa. Mikeka imetandikwa, wanawake wanapiga vugo, zile pembe za harusi, upande wa ndani, na nyuma ya nyumba masufuria makubwa yapo motoni, harufu ya bizari na vitunguu inakupokea barabarani. Mzee mwenyewe alikuwa amevaa kanzu mpya. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Naye akajibu kwa furaha, "Marahaba, marahaba! Nyama nzuri, tumeshaitia motoni."

Mume wangu akamwomba pembeni, wakasimama karibu na ghala ya nazi, na mimi nikasimama nyuma yao pasipo kualikwa. Akamweleza kama alivyonieleza mimi, maneno yale yale, hakupunguza wala hakujitetea. Hata kuhusu mvua na njia hakusema. Mimi ndimi niliyetaka kuitaja mvua, akanitazama nikanyamaza.

Mzee akatazama huku na huku. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anayejua?"

"Mke wangu, na mchungaji."

"Basi tuko wanne," mzee akasema. "Wanne tunatosha. Rudi zako kibandani, kijana. Wageni wangu wametoka Jego, wametoka Funzi, mkwe yuko njiani. Mambo haya Mungu ni msamehevu."

Moyoni nikasema alhamdulillahi, tumempata mtu mwenye akili. Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Mume wangu hakugeuka.

"Mzee," akasema, "sahani zikishawekwa, wewe ndiye utakayewaambia watu karibuni. Utaweza?"

Uso wa mzee ukabadilika. Kwanza sikujua atalia au atampiga. Kisha akafoka, na vugo likanyamaza ndani, watu wote wakasikia. "Mwaka mzima nawaambia watu nunueni kwa kijana wetu! Mwaka mzima! Leo umenilisha nini? Ndio nyinyi hao! Ndio watu wetu hao wakipewa duka!"

Ndilo neno lile lile ambalo mume wangu aliliogopa tangu siku ya kwanza. Nilimwona limemwingia.

Mzee akawaambia wapishi, "Mwageni."

Walichimba shimo nyuma ya minazi wakamwaga sufuria baada ya sufuria. Nimeona misiba mingi katika umri wangu, lakini watu wazima wamesimama kimya kutazama chakula cha harusi kikifukiwa, hilo sijaliona tena. Dada mmoja wa bibi harusi akaanza kulia kwa sauti. Nami nilitamani ardhi ile ile iliyopokea nyama inipokee na mimi.

Mume wangu akasema, "Nitaleta mbuzi." Akanitazama.

Mbuzi walikuwa wangu. Mama yangu alinipa majike mawili nilipoolewa, akaniambia mwanamke asikose kitu chake mwenyewe, na nilikuwa nimewalea wakazaa, wakajaza banda. Yeye hakuwa na mbuzi hata wa kuota ndotoni. Alinitazama tu, hakusema, maana alijua kwamba akisema nitakataa.

"Chukua!" nikapiga kelele mbele za watu. "Chukua zote, na zikipungua nichinje na mimi!"

Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia akacheka, wengine wakafuata, na hasira yangu ikazidi maradufu. Lakini mbuzi zililetwa. Mume wangu akatoa kisu chake, na mzee akamwambia, "Kisu chako weka." Mtu mwingine akaitwa, akachinja, na mume wangu akasimama kando amekishika kisu mkononi kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Karamu ikaliwa baada ya alasiri. Sisi hatukukaa.

Siku haikwishia hapo. Ilibaki nyama ya kibandani, na ile iliyochukuliwa na majirani wa mapema. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia, na mimi nyuma yake, sijui nilikuwa nikifuata nini. Wengi walikuwa hawajapika, wakamrudishia, yeye akawarudishia pesa zao. Iliyokuwa imebaki kwenye kulabu mchungaji aliitazama akasema, "Sasa hii mnaifukia kweli? Kwetu hii ni nyama tu." Akachukua alichoweza kuwapelekea jamaa zake, akatikisa kichwa, akasema sisi watu wa pwani tuna mambo. Siku ile nilikubaliana naye.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja jirani yetu, mjane, ulimi wake unaweza kushindana na wangu, na mara nyingine hushinda. Tulimkuta anaosha chungu.

"Nishakula," bibi akasema baada ya mume wangu kumaliza maelezo. "Nimekunywa na mchuzi wake. Sasa unanambia ili nifanye nini? Nitapike?"

"Hapana, bibi. Kwako hakuna dhambi, hukujua. Dhambi ni yangu. Lakini ni haki yako ujue."

"Haki yangu!" Akasimama na chungu mkononi. "Haki yangu ilikuwa usingizi wangu. Miaka yote hii sijatia haramu kinywani, leo umenilisha, halafu hukutosheka, umekuja mpaka mlangoni kunambia! Si ungeninyamazia?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Njiani nilimwambia mume wangu kwamba bibi amesema kweli. Wale ambao hawajala, sawa, wana faida ya kujua. Huyu umemwambia kwa faida gani? Akasema hajui faida. Akasema bibi alikuwa mteja kama wateja wengine.

Baada ya siku ile bucha ikafa, kama nilivyosema. Watu walirudi kwenye samaki, na aliyetaka nyama alikwenda mpaka Ukunda. Kibaya zaidi, kile alichokikiri hakikumsaidia. Mtu akikiri moja, watu humtilia kumi. Walikaa vibarazani wakiulizana, huyu ametwambia ng'ombe mmoja, je, wale wa nyuma? Bwana mmoja akaja kibandani akamwuliza hivyo hivyo mbele za watu. "Na wale wa kabla ya huyu?"

Mume wangu akasema, "Wale walirusha."

Basi. Hakuongeza neno! Mimi ningesema saa nzima, ningeapa, ningewaita mashahidi. Yeye "wale walirusha", akaendelea kusugua mizani ambayo haikuwa na cha kupima. Vijana wa mtaani wakapata mchezo. Wakipita mbele ya kibanda, mmoja alirusha mguu hewani, wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nilitoka na mwiko mara kadhaa. Nilimpata mmoja tu.

Yeye hakufunga. Alichinja mbuzi kila Ijumaa, na jioni ilipofika nyama haijanunuliwa aliigawa sadaka. Siku moja nilipeleka sahani kwa nyumba moja yenye wagonjwa. Sahani ilirudi na kawa, kifuniko cha ukili, juu yake, nyama haijaguswa, na aliyeirudisha akashukuru sana. Nilikaa jikoni nikaililia sahani ile. Mtu akikataa kununua kwako, hiyo ni biashara. Mtu akirudisha sadaka yako, amekwambia wewe ni nani.

Na sasa niseme la ndani ya nyumba. Wanawake kisimani walikuwa wakiniuliza, "Mwenzetu, wewe wala nyama yake?" Nami nikawajibu, "Nala, tena nashiba!" Haikuwa kweli. Tangu siku ile nilimpikia mume wangu nyama, nikaunga kwa nazi na ndimu, nikamwekea, na mimi nikachovya mchuzi pembeni, au nikasema nimeshiba, au tumbo linauma. Nilikuwa namwamini kwa maneno. Nilikuwa tayari kupigana na mtaa mzima kwa ajili yake. Lakini kipande kikifika mdomoni, nilimwona yule fahali amelala na jicho lake, ingawa sikuwapo. Nikakirudisha bakulini.

Nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikamwambia, "Ijumaa nitapika chungu kizima, nitakaa mbele ya kibanda, nitakula mbele ya macho yao wote. Wakimwona mke wa mchinjaji anakula, watakula."

Akaniuliza, "Kwani unakula?"

Sikujua kwamba alikuwa ameona.

"Nyumbani huli," akasema. Hakusema kwa ukali. "Na kama moyo wako haujala, mdomo wako usile. Nitakuwa nimewadanganya watu kwa mdomo wako."

Lahaula! Nililipuka. "Mbuzi zangu umechukua! Nimechekwa harusini, nimechekwa kisimani, nimerudishiwa sahani! Leo nataka kukuokoa, hata uongo wangu huutaki?"

"Siutaki," akasema.

Nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, kisha nikalia kwa huzuni tu, maana nilimwona amekonda, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimkataa, tena ndani ya nyumba yake. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akauliza nataka nini ili niweze kula. Hakuna mteja aliyewahi kuulizwa swali hilo kwa upole kama ule. Nikamwambia, "Nataka kuona."

"Basi utaona," akasema.

Akauhamisha uchinjaji. Hakuchinja tena nyuma ya nyumba alfajiri. Alisafisha uwanja kando ya kibanda, akachinja jua limeshatoka, na mwenye macho asimame atazame. Akaweka na sharti: mnyama atokaye mbali apumzishwe mpaka asimame imara kwa miguu yake, hata kama mteja anapiga kelele. Asiyesimama hachinjwi. Mchungaji alinung'unika, akasema ng'ombe si askari wa gwaride. Mara moja ndama dume akalala asitake kuinuka, na mume wangu akakataa kumgusa, akamrudisha, na Ijumaa ile kulabu zikakaa tupu. Watu waliona pia hilo.

Kisha akaja fahali mwingine kutoka Samburu, akapumzika, akala mpaka akawa mtundu. Siku ya kuchinjwa nilivaa buibui nikaenda nikasimama uwanjani. Kwetu hapo si mahali pa mwanamke, na wanaume wakanong'ona, wengine wakasema astaghfirullah. Nikawaambia macho yangu si ya kuazima. Upande wa pili wa ua, nikamwona yule bibi jirani ameegemea mti wa ua, kanga kichwani, hanitazami.

Wakamwangusha. Mume wangu akasema bismillahi, sauti yake ikatoka wazi. Damu ikaruka, na mguu wa nyuma ukapiga kwa nguvu zote ukampata mchungaji kwenye ugoko. "Mayo wee!" akalia, akarukaruka kwa mguu mmoja uwanja mzima. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mtu akasema, "Huyo amerusha, tena amemrushia mwenyewe!" Hata mume wangu akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamwona akicheka na watu.

Kisha wakaondoka. Nyama ikatundikwa, nzuri, nyekundu, na hakuna aliyenunua hata robo. Walikuwa wameona, wamecheka, wakaenda zao. Nilitaka kuwafuata mmoja mmoja nikawavute kwa kanzu. Badala yake niliingia kibandani, nikachukua kipande cha ubavu kutoka kwenye kulabu bila kumwambia mwenye bucha, nikaenda nacho nyumbani. Nikapika. Nikafunga mlango wa mbele, maana sikutaka macho ya mtu.

Mume wangu alikuja kwa chakula cha mchana, nikaweka sinia katikati. Nikanawa. Nikachukua kipande nikatia mdomoni. Yeye akatazama boriti za dari, akazitazama sana, kama anayetafuta mchwa. Nikatafuna. Ilikuwa ngumu, ng'ombe wa bara huyo aliyetembea maisha yake yote, lakini yule fahali wa harusi sikumwona. Nikameza. Nikachukua kingine. Hapo ndipo akashusha macho, akaanza kula na yeye.

Tukasikia hodi mlango wa nyuma. Kabla hatujajibu, bibi jirani akaingia na kifuu mkononi, amekuja kuomba kaa la moto. Ndivyo alivyosema. Moshi wa jikoni kwake niliuona kwa dirisha langu, unatoka vizuri tu.

"Karibu, bibi," mume wangu akasema.

Bibi alikuwa akitazama sinia, kisha akanitazama mimi, mdomo wangu umejaa. "Unakula," akasema.

Nikamwonyesha mfupa.

Akasimama pale pale. Mume wangu akaacha kula, akaweka mikono mapajani, akangoja, maana huyu ndiye aliyemlisha na kumwambia, na bibi hakuwa amemwitikia salamu tangu siku ile. Mimi nilitaka kusema neno nikashindwa. Nilikuwa na mfupa.

"Nimekuchukia," bibi akamwambia. "Nimelala usiku nikikuchukia. Nikijiuliza, kijana huyu alifuata nini mlangoni kwangu, nami nilikuwa nishakula, hakuwa na cha kupata kwangu ila matusi?" Akavuta pumzi. "Basi nikaona. Mtu aliyenambia nikiwa nishakula, hawezi kuninyamazia nikiwa sijala."

Akaweka kifuu chini, akasogeza bakuli la maji, akanawa mikono.